Jicho Lisilopepesa

Mtaani kwetu West Indies, hapa Eldoret, kuna wanaume wawili ambao, ukiwasikia wakijisifu, utashangaa kwa nini serikali bado inahangaika kulipa jeshi. Wa kwanza ni shemeji yangu Walubengo, aliyemwoa marehemu dada yangu. Wa pili ni Omollo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wote ni wazee, na wote wanaishi bila wake: mmoja mke alichukuliwa na mauti, mwingine mke alirudi nyumbani Seme kulima, akasema mahindi hayabishani. Kila mchana wanakuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu cha chai na kunimalizia subira.

Ubishi wao ni ule ule tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walubengo ni Mbukusu. Alipokuwa mvulana alisimama alfajiri uani kwa baba yake, amepakwa matope ya mtoni kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, ngariba akafanya kazi yake, naye hakupepesa hata ukope. Habari hiyo naijua kuliko sala ya Bwana, maana nimeisikia mara nyingi zaidi. Omollo ni Mjaluo wa zamani. Hakutahiriwa, lakini aling'olewa meno sita ya chini kwa kipande cha chuma, na yeye pia, kwa maelezo yake mwenyewe, hakutoa sauti. Basi Walubengo, ambaye kwa umri ndiye mdogo, humwita mwenzake "kijana". Omollo naye humwita "mtu wa matope".

"Kijana, pitisha sukari."

"Chukua, mtu wa matope. Lakini shika polepole, kijiko ni cha chuma. Usije ukazirai ukikumbuka."

"Mimi nizirai? Niliangalia chuma machoni, chuma ikaangalia chini!"

Mimi niliyemzaa Tyson juu ya magunia ya mahindi nyuma ya pikapu, mvua ikininyeshea, kabla hatujafika Turbo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nilipepesa. Mimi kazi yangu ni kumimina chai.

Walubengo ni fundi wa kuandika kuta. Maduka ya dawa, bucha, vinyozi, posho mill, ukitembea mjini Eldoret ukaona herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, zimesimama wima kama polisi wa gwaride, jua ni mkono wake. Vijana wa siku hizi wanachapisha plastiki kwa mashine. Yeye ana brashi, kopo, na ngazi inayolia. Rula hakuwahi kushika. "Jicho langu ndilo rula," alikuwa akisema, na kwa hilo, nitasema ukweli, hakuwa akitudanganya.

Mpaka siku alipomwandikia Mabonga.

Mabonga ana bucha karibu na stendi. Alitaka ukuta wa mbele uandikwe upya kwa herufi kubwa, BUCHA YA MABONGA, basi. Walubengo akapanda ngazi asubuhi, akashuka mchana, akafuta mikono. Mabonga akatoka nje na kisu mkononi, akavuka barabara ili aone vizuri, akasimama.

"Mzee," akasema, "mbona bucha yangu inaning'inia?"

Kweli ilikuwa inaning'inia. Maneno yalianza sawa, yakafika katikati yakazama kama kitanda kilichokatika waya, kisha yakapanda tena upande wa pili. Walubengo akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akafumba la pili.

"Ni ukuta wako umepinda," akasema.

Mabonga akaenda kumwita mwashi. Mwashi akaja na pima maji, akaiweka ukutani, kipovu kikatulia katikati. Ukuta haukuwa na neno. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee ameanza chupa, yeye ambaye ni mtu wa kanisa la Friends na hajawahi kuonja hata busaa ya harusi ya mwanawe. Nami nikakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akinisalimia huku akiangalia sikio langu.

"Shemeji," nikamwambia siku hiyo, "uso wangu uko huku mbele. Haujahama."

"Nikiuangalia unapotea," akasema. "Katikati kuna doa, kama chai imemwagikia karatasi. Nikiangalia sikio, ndiyo uso unaonekana pembeni."

Omollo, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya hasikilizi, akaweka kikombe chini. "Hiyo ni yangu," akasema. "Hiyo hiyo ndiyo niko nayo. Kuna daktari kule Elgon View. Nimeandikiwa sindano wiki ijayo."

Kwa hiyo nikampeleka. Kliniki yenyewe iko ndani ya nyumba kubwa yenye miti na maua, mahali ambapo hata mbwa wa jirani anabweka kwa adabu. Daktari ni mwanamke, anaitwa Kabura, mfupi, haraka, na hana muda wa kubembeleza mtu. Alimpima shemeji yangu, akamwonyesha karatasi yenye mistari ya mraba kama ya daftari la hesabu. Walubengo akasema mistari ya katikati imejikunja. Daktari akageuka kunieleza mimi, maana mgonjwa alikuwa ameanza tena habari za ukuta wa Mabonga.

"Nyuma ya jicho kuna mahali padogo pa kuonea vitu vilivyo mbele yako. Uzee unapaharibu. Jicho la kushoto limeshafanya kovu, hapo hakuna la kufanya. La kulia bado. Kuna mishipa midogo inavuja, na tukiwahi tunaweza kuizuia. Kuna dawa. Inaingizwa kwa sindano, ndani ya jicho, na itarudiwa."

"Ndani ya jicho lenyewe?" nikauliza.

"Ndani."

"Akiwa macho?"

"Akiwa macho, akiongea. Tunatia matone ya ganzi kwanza. Atahisi kama mtu anambonyeza, basi."

"Na tusipochoma?"

"La kulia litafuata la kushoto. Hataishi gizani, ataona kandokando. Lakini uso wa mtu, herufi, mstari ulionyooka, hivyo aage."

Walubengo akaacha kuongea habari za ukuta.

Sasa Omollo. Siku yake ya sindano ilifika kabla ya yetu, akaenda peke yake, akarudi kwa boda boda mpaka mbele ya kibanda changu. Hata hakupita kwake. Jicho jekundu, machozi yakimtiririka, kofia ameishika mkononi kama mtu anayetoka kanisani. Akaketi. Walubengo alikuwa benchini akisubiri kwa hamu kama mtoto anayesubiri mwenzake atoke kwa mwalimu mkuu.

"Eeh? Ilikuwa aje?"

"Kawaida," Omollo akasema.

"Iliuma?"

Hapo ndipo ningemziba mdomo, kama ningejua. Omollo alijinyoosha. "Kuuma ni nini? Walitaka kunitia dawa ya ganzi. Nikawaambia, peleka hiyo kwa watoto. Mimi niling'olewa meno sita. Nikachomwa kavu."

"Kavu?"

"Kavu. Hata tone."

Na wakati akisema hivyo, nzi mmoja, hawa wangu wanaopenda sukari, akatua kwenye kona ya lile jicho. Akatembea. Akavuka ukope, akasimama karibu kabisa na ile nyeupe, akasugua miguu yake kama mtu anayenawa. Omollo aliendelea kuongea. Hakupepesa. Hakuinua mkono. Tuliokuwa pale tulimtazama yule nzi na vinywa wazi, nami mwenyewe, na akili zangu zote hizi za kuhangaika na dunia, nikasema moyoni: Huyu mzee, kumbe.

Walubengo alimwona nzi pia, kwa pembeni, kama aonavyo kila kitu. Alimaliza chai na kwenda zake, na jinsi alivyotembea, mgongo umenyooka, mikono nyuma, ningepaswa kujua kwamba tayari alikuwa amepakwa matope.

Siku yetu ikafika. Alivaa koti la Jumapili. Tukaketishwa kwenye viti vya korido pamoja na wagonjwa wengine, na nesi akaja na kichupa kidogo. Nesi ni kijana wa Kinandi, Kipkorir, mrefu, mpole, wa kuinama hata akisalimia kiti.

"Shikamoo mzee. Angalia juu nikutie dawa. Hii ni ya ganzi. Tutarudia mara kadhaa."

"Kijana," Walubengo akasema, "mkono wako unatetemeka."

Mkono wa Kipkorir haukuwa ukitetemeka. Lakini mtu wa heshima akiambiwa na mzee kwamba mkono wake unatetemeka, unaanza.

"Mimi ni mtu wa brashi," Walubengo akaendelea. "Nimeandika herufi ndogo kuliko ukucha. Leta hiyo kitu, najitia mwenyewe. Wewe hudumia wale mama."

Kipkorir akasitasita. Alikuwa kijana, na kule kwao kama kwetu, kumbishia mzee mbele ya watu na kumvuta kope kwa nguvu si jambo dogo. Akamwachia kichupa. Akageuka kumhudumia mama wa kiti cha pili.

Nilikuwa nimekaa upande wa jicho la kushoto, hilo lililokwisha, kwa hiyo sikuona vizuri. Niliona tu ameinua kichwa, ameinua chupa, halafu leso ikapita shavuni. Kipkorir akarudi, akauliza, "Umeshatia, mzee?" "Nimeshatia." Baadaye kidogo tena, chupa, leso. Na mara ya tatu. Nikadhani ni machozi. Mtu mzima anaenda kuchomwa sindano ya jicho, nani atamhesabia leso?

Akaingizwa ndani. Mlango haukufungwa kabisa, na mimi si mtu wa kuketi mbali na mlango usiofungwa. Nilimwona amelazwa chali, amefunikwa uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu. Daktari akachukua kijiti chenye pamba, akaligusa lile jicho.

"Unasikia hapa?"

"Sisikii," akasema Walubengo.

Na jicho halikupepesa.

Sikiliza. Daktari huyo amesoma mpaka ng'ambo, na kipimo chake ni kizuri: ukigusa jicho lisilo na ganzi, mtu anaruka. Binadamu yeyote anaruka. Ni nani angewaza kwamba kuna binadamu aliyefundishwa tangu utoto kwamba akipepesa, ukoo mzima utahama kijiji kwa aibu? Aligusa tena. "Na hapa?" "Hakuna kitu, daktari. Endelea." Sauti imetulia kama ya mtu anayeagiza chapati.

Wakambana kope kwa kiwaya ili jicho lisifunge. Daktari akamwaga ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu. Hiyo, nimekuja kuambiwa, kwenye jicho lenye ganzi ni kama maji. Kwenye jicho kavu ni pilipili iliyosagwa. Niliona vidole vya miguu ya shemeji yangu vikijikunja ndani ya soksi. Vidole tu. Juu alikuwa jiwe.

"Angalia chini kwenye miguu, mzee," daktari akasema, na sindano ikaja.

Nitampa haki yake: yeye hakutikisika. Kilichotikisika ni jicho. Jicho halikusimama uani kwa baba yake, halikupakwa matope, halijui Mbukusu wala Mjaluo. Liliona chuma, likahisi ncha, likazunguka kukimbilia juu ndani ya fuvu, na kichwa kikafuata. Daktari alikuwa mwepesi, akarudisha mkono kabla ncha haijazama. Lakini haikurudi bure. Ilimkwaruza.

Kisha nikasikia sauti ya Kabura, ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Mzee. Ulitia yale matone?"

"Nilitia."

"Wapi?"

Vidole vya miguu vikajikunja tena.

"Mzee Walubengo, nakuuliza. Matone uliyatia wapi?"

"Kwa leso," akasema.

"Kwa nini?"

Sasa ungetarajia mtu aliyelazwa chali, jicho limebanwa waya na kukwaruzwa, aseme jambo la unyenyekevu. Akasema, "Mimi ni Mbukusu, daktari. Nilisimama kisu."

"Na hapa hatutahiri mtu!" Kabura akasema. "Hapa tunaokoa jicho, moja, lile moja lililobaki! Kipkorir! Njoo hapa. Wewe nani alikufundisha kumpa mgonjwa chupa?"

Maskini Kipkorir.

Sindano haikuchomwa siku hiyo. Daktari alisema hawezi kuingiza dawa kwenye jicho lililokwaruzwa, vijidudu vikiingia pamoja nayo ndani, jicho litaoza. Lazima lipone kwanza. Na huku tunangoja, mishipa itaendelea kuvuja. Alinieleza mimi tena, akihesabu kwa vidole kile tutakachoweza kupoteza, na safari hii alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempaka matope.

Tukiwa koridoni tunangoja gari, jicho la shemeji limefunikwa pamba, nikamnong'oneza, "Umeridhika?"

"Ni baridi ya chumba," akasema. "Wameweka mashine ya baridi. Nilitetemeka. Nitarudi, na nitachomwa kavu."

"Utachomwa nini?"

"Kavu. Kama Mjaluo ameweza, mimi nani?"

Jicho linavuja, na mtu anafikiria benchi langu.

Ndipo nikasikia Kipkorir, ambaye bado alikuwa na sura ya mtu aliyechapwa, akimuaga mama aliyetoka ndani akiwa ameshachomwa. "Mama, usisugue. Usiguse kabisa. Saa hii hiyo jicho imelala, hata nzi akitembea hapo hutasikia. Mpaka dawa iishe."

Nikageuka.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Nasema asisugue, mama."

"Hapana. Hiyo ya nzi."

Akairudia. Nami nikaanza kucheka, pale pale Elgon View katikati ya watu wenye adabu, mpaka mama yule akaniuliza kama naumwa. Shemeji yangu akauliza ninachocheka. Nikamwambia atajua kesho.

Kesho yake mchana walikuwa benchini wote wawili. Walubengo na pamba yake. Omollo alikuwa amemhurumia, kwa namna ya Omollo.

"Pole, mtu wa matope. Si kila mtu anaweza. Ni damu tu."

"Nitarudi."

"Rudi. Lakini ukiona vigumu, waambie wakutie kidogo. Hakuna aibu. Kwa mtu wa kwenu."

Nikafuta mikono kwenye leso yangu, nikaja mbele ya benchi. Mkononi nilikuwa na unyoya wa kuku, laini, niliouokota nyuma ya kibanda.

"Omollo," nikasema, "wewe ni mwanaume."

"Hata wewe unajua, Mama Tyson."

"Siku ile nzi alitembea kwenye jicho lako, ukanyamaza. Mtaa mzima unazungumza. Nataka Mabonga hapa aone kwa macho yake, maana anasema tunadanganya." Mabonga alikuwa amekuja kuchukua chai, na hakuwa amesema lolote, lakini ni mtu anayeelewa haraka. Akatikisa kichwa. "Mimi siamini," akasema.

"Nzi? Nzi gani?" Omollo akauliza.

"Yule. Sasa nzi siwezi kumwagiza, nimeleta unyoya. Tulia."

Nilikuwa bado niko mbali, mkono mzima, unyoya haujafika hata puani, Omollo akafumba macho yote mawili, akarudi nyuma mpaka benchi likainuka upande wa Walubengo.

"Wacha! Wacha mchezo, Mama Tyson! Jicho ni jicho!"

"Tulia, mtu wa meno sita."

"Nimesema wacha!"

Nikasogea tena. Akainua mikono miwili kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

"Nesi ametuambia," nikasema, "jicho lenye ganzi halisikii nzi. Lisilo na ganzi linaogopa hata unyoya. Sasa tuambie, Omollo. Siku ile, jicho lako lilikuwa kavu?"

Alitazama chai yake. Alitazama barabara. Alimtazama Mabonga, ambaye alikuwa akinywa taratibu ili asiwahi kumaliza.

"Walinitia kidogo," akasema.

"Kidogo gani?"

"Kidogo ya kawaida."

"Omollo."

"Nikamwambia aongeze," akasema kwa sauti ndogo. "Nikamshika yule kijana mkono, nikamwambia ongeza, mwanangu, ongeza, usiwe mchoyo. Haya! Mnataka nini tena?"

Nilingoja Walubengo acheke. Nilikuwa nimempikia ushindi na kumwekea mezani. Hakucheka. Aligeuza uso, akaelekeza lile jicho la kovu kwenye sikio la Omollo.

"Kwa hivyo mimi nimekwaruzwa jicho kwa sababu ya uongo yako."

"Mimi sikukwambia ukatae dawa!"

"Ulisema kavu."

"Nilisema! Watu husema! Kwani wewe kwa hii benchi umesema mangapi? Kila siku, kisu, kisu, hakupepesa, hakupepesa." Omollo alikuwa amekasirika sasa, na sijui kama ni kwa hasira au kwa aibu, sauti ilikuwa imepanda. "Hebu niambie leo, mbele ya huyu shemeji yako. Ile asubuhi. Kweli hukupepesa?"

Hilo swali halikuwahi kuulizwa. Miaka yote hiyo, matusi yote hayo, hakuna aliyewahi kuliuliza. Mabonga aliacha kunywa.

Birika langu likaanza kuchemka na kuimba. Walubengo akaigusa ile pamba kwa kidole.

"Matope," akasema mwishowe, "walinipaka mpaka kwa kope."

"Na?"

"Na nini? Ilikuwa imekauka. Ndani ya matope nani angeona?"

Mabonga ndiye aliyeanza. Alitema chai yake yote barabarani. Omollo akafuata, na meno yake ya chini hayapo, kwa hiyo kicheko kikitoka hakina kizuizi. Mimi nilishika nguzo ya kibanda. Miaka! Miaka yote hii nimemimina chai kwa watu wawili, mmoja alipepesa ndani ya matope, mwingine alimshika nesi mkono!

"Nilipepesa sana," Walubengo akaongeza, na hapo hata yeye alikuwa ametabasamu kwa upande mmoja. "Macho ilikuwa inafanya kazi huko ndani kama waipa ya gari."

Siku mkwaruzo ulipopona tulirudi Elgon View, na Omollo akaja bila kualikwa. Alikaa kiti cha pembeni kama mlinzi. Kipkorir alipofika na kichupa, Walubengo alifungua mdomo, naye Kipkorir akasema, "Hapana, mzee, samahani," akamvuta kope mwenyewe, bila kutetemeka. Nilifurahi kwa ajili yake.

"Ongeza," Omollo akasema.

"Wewe nyamaza, kijana," Walubengo akasema, kichwa kimeinuka. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini ongeza."

Daktari Kabura hakumwamini mtu. Aligusa kwa pamba, akauliza, akaambiwa hakuna kitu, akacheka peke yake kwa ukali. "Wewe nishakujua," akasema. Akamwagia tone la ile dawa ya kahawia, akainama, si kutazama jicho, akatazama vidole vya miguu, kama nilivyokuwa nimemwambia. Vidole vilikuwa vimelala ndani ya soksi kama watoto waliolishwa. Ndipo akachukua sindano.

Nilichosikia mlangoni ni Walubengo akimsimulia daktari habari za ukuta wa Mabonga kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na daktari akisema, "Mzee, nimemaliza. Nimemaliza kitambo."

Tulirudi tena, na tena, yeye na sindano zake. Doa halikukua. Siku moja alisimama mbele ya dirisha la kibanda changu, akatazama vyuma vyake, akasema kile cha kati kimeanza kunyooka. Siku nyingine alinitazama usoni, usoni hasa, akasema, "Shemeji, umezeeka," nikajua anapona. Lakini daktari alituambia wazi: kile kilichokufa wakati tukingoja mkwaruzo upone hakitarudi. Kiasi fulani cha katikati kimekwenda, na hakikwenda kwa uzee.

Juzi alirudi kwa Mabonga. Hakuna aliyemwita. Alikwenda na kopo lake na ngazi inayolia, akapaka ukuta rangi nyeupe, akaandika upya, bure, na akakataa kabisa kushika rula. Sisi tulisimama ng'ambo ya barabara, mimi, Mabonga, na Omollo. Alipomaliza akashuka na kuvuka kuja kwetu, akafuta mikono.

BUCHA ilikuwa imesimama. MABONGA ilikuwa imesimama. YA, pale katikati, ilikuwa imezama, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga shimo.

Mabonga alinitazama. Mimi nilitazama ukuta.

"Imenyooka," Omollo akasema, amekunja jicho lake, lile linalovuja kama la mwenzake. "Imenyooka kama reli."

"Nani amekuuliza, kijana?" Walubengo akasema. Lakini alikuwa ameridhika, niliona. Akakunja shingo, akatazama tena, kwa upande. "Hapo kwa YA kuna kitu kidogo. Ni ukuta."

"Ni ukuta," Omollo akasema. "Hata mimi nimeona. Umepinda."

Nikawaacha wakikubaliana kwa mara ya kwanza, nikarudi kuchemsha chai.